Ndege na sumu za shambani, Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpunga ukianza kukomaa kule Chekereni na Mabogini, au masika yakikaribia na watu wa Arumeru wakiingia shambani kupanda mahindi, maswali huanza kumiminika. Mtu kaokota kwarara anatetemeka kando ya mfereji. Mfugaji wa Simanjiro kakuta tumbusi wamelala kifudifudi kuzunguka mzoga wa mbuzi. Mama anataka kujua kama njiwa aliouziwa barabarani ni salama. Hapa tumekusanya yale yanayojirudia. Kama una ndege mgonjwa mbele yako sasa hivi, shuka moja kwa moja hadi swali la "Ndege bado anapumua".

Hivi kweli dawa ya kupiga nyanya inaweza kuua ndege?

Inaweza, ingawa si kila dawa, na mara nyingi si kwa njia ambayo watu wanaidhania. Wengi hufikiri ndege hufa kwa kupitiwa na moshi wa bomba. Hilo hutokea, lakini njia kubwa ni mdomo: ndege anakula mbegu iliyotiwa dawa, chembechembe zilizomwagika, mdudu anayegaagaa baada ya kupuliziwa, panya aliyelewa sumu, nyama iliyotegwa, au anakunywa maji ya dimbwi ulimooshea bomba.

Dawa zinazoongoza kwa kuua ndege haraka ni za makundi mawili ya viua wadudu: organofosfati na kabamati. Zote zinashambulia kitu kimoja mwilini, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika kwenye msuli. Kikifungwa, ujumbe hauzimiki. Misuli inachezacheza, mate yanatoka, mapafu yanajaa majimaji, na mwisho pumzi inakata. Mdudu anakufa hivyo hivyo, ndege hivyo hivyo, na wewe pia ukipata ya kutosha. Ndege wana ubaya mmoja zaidi: kwa ujumla miili yao haina uwezo mkubwa wa kuvunjavunja organofosfati kama miili ya wanyama wanaonyonyesha, kwa hiyo dozi ndogo tu inawatosha.

Wakulima wa kahawa wa Kibosho na Old Moshi huulizia mrututu wanaopiga kwa ajili ya chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mrututu si muuaji wa ndege kwa kiwango hicho. Usiumwage mferejini tu, maana samaki na viumbe wa majini hawauvumilii.

Nitajuaje kama ni sumu na siyo kideri au mafua ya ndege?

Kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Lakini eneo lenyewe huwa linasema mengi kwa anayetazama bila haraka.

Ugonjwa kwa kawaida huenda kwa siku: leo wawili, kesho watatu, na wengine wamejikunyata na manyoya yamesimama. Sumu ya haraka huangusha wengi ndani ya saa chache, tena mchanganyiko: tumbusi, kongoti, kunguru, na pembeni fisi au mbwa wa boma. Kideri hakiui fisi. Ukikuta aina nne tofauti zimelala mahali pamoja, fikiria sumu kwanza.

Kisha tazama mzoga wenyewe, ule uliowavuta. Mzoga wa kawaida huwa umejaa nzi wanaoruka. Wenye kabofurani, kiua wadudu cha kundi la kabamati ambacho wengi wanakijua kwa jina la Furadan, huwa na nzi waliokufa, wametapakaa juu ya nyama na majani ya pembeni, wakati mwingine na siafu na mende pamoja nao. Dalili hiyo ni nzito kuliko karibu zote utakazoona kwa macho. Wakati mwingine utaona chembechembe za rangi zimepakwa kwenye mkato wa paja au ubavuni, mahali ambapo mtu kachana kwa kisu.

Kwa ndege mwenyewe, angalia miguu: kucha zimekunjwa kwa nguvu kama ngumi. Angalia gole, ule mfuko wa chakula shingoni: likiwa limejaa nyama au nafaka mbichi, amekufa kabla ya kusaga chakula chake cha mwisho. Ute mdomoni, manyoya ya nyuma yamechafuka kwa kuharisha, mabawa yametanda chini. Ndege aliyekufa kwa njaa au kwa ugonjwa wa muda mrefu huwa amekonda, mfupa wa kifua umetokeza. Aliyekula sumu ya haraka anaweza kuwa mnene na mwenye afya kabisa.

Sasa tahadhari ya kwetu huku: kimeta. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ina historia ya kimeta, na mzoga wa ng'ombe au nyumbu uliovimba haraka, unaotoa damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usiguswe wala kupasuliwa na mtu yeyote kwa kisingizio cha kutafuta sumu. Ita afisa mifugo.

Kuna pia vifo vya halaiki ambavyo mkulima hahusiki navyo hata kidogo. Mwaka 2004 flamingo wadogo walikufa kwa wingi katika ziwa Momela Kubwa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na watafiti walitaja sumu inayotengenezwa na bakteria wa rangi ya kijani-buluu, hao hao ambao flamingo huwala kila siku. Kwa hiyo ukiona heroe, yaani flamingo, wamekufa ufukweni, usikimbilie kumnyooshea kidole mkulima wa Ngarenanyuki. Toa taarifa, acha sampuli ipimwe.

Nimekuta ndege wengi wamekufa. Nianze na nini?

Anza na kutogusa. Sumu hizi hupita kwenye ngozi, na jasho la mchana wa Longido haliisaidii ngozi yako. Simama upande upepo unakotoka. Zuia mbwa na watoto, maana mbwa wa boma ndiye huwa maiti ya pili.

Piga picha kabla ya chochote: picha ya mbali inayoonyesha eneo lote, kisha ya kila mzoga, kisha ya karibu ya mdomo, miguu na kitu chochote kilicholiwa. Weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Hesabu kwa aina, hata kama hujui majina. "Wakubwa wenye kichwa cha upara, saba" inatosha.

Halafu ufunike ule mzoga wa chambo kwa matawi mengi au turubai. Tumbusi wanatafuta chakula kwa macho wakiwa juu sana, na mmoja akishuka, wa jirani yake kilomita kadhaa humwona akishuka na kumfuata. Mzoga uliofunikwa vizuri hauonekani. Wakati unasubiri gari la askari wa wanyamapori kutoka wilayani, matawi hayo yanaweza kuokoa makumi.

Mpigie mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya na afisa mifugo. Ikiwa ni ndani au kando ya hifadhi, geti lililo karibu ni haraka zaidi. Usichome moto wala kuzika kabla hawajafika, hata kama wazee wanasisitiza. Wakishachukua sampuli, mizoga yote, pamoja na ile ya chambo na matapishi ya ndege, ichomwe hadi iishe au izikwe kina cha zaidi ya mita moja mbali na kisima na mkondo wa maji. Kuburuta na kutupa kwenye korongo la jirani ni kuhamisha karamu tu.

Na using'oe manyoya wala kichwa kwa ukumbusho. Kisheria hizo ni nyara za Serikali, na kesi yake haiangalii kama ndege ulimkuta amekufa.

Ndege bado anapumua. Nimsaidieje?

Vaa glovu, kama huna, mifuko miwili ya plastiki mikononi. Mfunike kichwa na mwili kwa taulo au shuka kuukuu, kwa sababu giza humtuliza. Mweke ndani ya boksi la karatasi gumu lenye matundu, juu ya kitambaa kisichoteleza, akae kifua chini na kichwa juu. Akilala chali anaweza kupaliwa na matapishi yake. Tumbusi hutapika anaposhikwa. Usimzuie, ila matapishi hayo yana sumu, kwa hiyo yasikuguse na yakusanywe.

Usimpe maziwa. Usimpe maji kwa bomba la sindano wala kumlazimisha kumeza kitu, kwa kuwa ndege anayetetemeka hamezi sawasawa na maji yanaingia kwenye mapafu. Majivu, mafuta ya kula, ndimu, yote hayo tumeyasikia, na hakuna hata moja lenye faida.

Mfikishe kwa daktari wa mifugo upesi. Anaweza kumpa atropini, ambayo hutibu organofosfati na kabamati, na mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni, na kumwosha kama dawa imempata kwenye manyoya. Habari njema ni kwamba kabamati haikifungi daima kile kimeng'enya cha neva. Huachia yenyewe ndani ya saa kadhaa. Ndege aliyevuka usiku wa kwanza ana nafasi nzuri. Organofosfati ni ng'ang'anizi zaidi.

Mjulishe afisa wanyamapori siku hiyo hiyo. Kumfuga ndege wa porini nyumbani bila kibali ni kosa, na nia njema haihesabiki kuwa kibali.

Sampuli zinapimwa wapi?

Hapa Arusha tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na kurithi ile iliyokuwa TPRI, ina makao yake Ngaramtoni, barabara ya Namanga. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, iko Njiro. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa mjini, na Wakala ya Maabara ya Veterinari nayo ipo, kwa upande wa magonjwa.

Sampuli achukue mtaalamu. Lakini kwa kuwa mtaalamu wakati mwingine hufika kesho yake, jua hili: joto ndilo adui wa ushahidi. Kama umeagizwa kwa simu kuhifadhi mzoga mmoja, uzungushie karatasi ya aluminiamu, kisha mifuko miwili, kisha kwenye kasha lenye barafu, na usiuweke kwenye friji ya chakula. Usitie fomalini, itaharibu kipimo cha kemikali. Kwenye maabara watatafuta sumu ndani ya gole na ini, na kupima kolinesterasi kwenye ubongo.

Andika tarehe, saa, mahali na jina la aliyeokota. Kesi nyingi hufia hapo, mahakamani ukiulizwa mzoga ulipita mikononi mwa nani na hakuna anayejibu.

Nyama ya ndege wa porini inayouzwa barabarani ina sumu?

Huwezi kujua, na kwa maoni yetu hilo linatosha kuikataa.

Sababu yenyewe ni hii. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, imeandikwa na kupigwa picha jinsi watu wanavyotega bata maji, korongo na njiwa kwa mpunga au konokono waliotiwa kabofurani, kisha wakawauza kama kitoweo. Mbinu ni rahisi: mtu anamwaga punje, anajificha, ndege wanalewa, anawakusanya na kuwachinja haraka akiamini kwamba sumu "haijafika kwenye nyama." Imefika. Damu ndiyo iliyoipeleka hadi kwenye ubongo wa yule ndege, na damu hiyo hiyo imepita kwenye minofu. Kutoa utumbo hupunguza kilichobaki tumboni, hakuondoi kilichosambaa, na jiko si la kuaminiwa kumaliza kilichobaki.

Ndege aliyenaswa kwa mtego wa kamba huwa na alama ya kamba mguuni au shingoni. Aliyepigwa manati ana jeraha. Kijana akikuletea kanga au njiwa kumi wasio na alama hata moja, muulize amewapataje, na usitegemee jibu la ukweli.

Hii haina maana kwamba ndege wa porini hawaliwi. Kule Kondoa watu wana ujuzi wa siku nyingi wa kunasa kwelea kwelea kwa nyavu na mitego kwa ajili ya chakula, na kwelea wa nyavu hana neno. Mwenye neno ni yule aliyeokotwa asubuhi baada ya eropleni ya dawa kupuliza jioni.

Aliyekula akaanza kutoka jasho na mate, kutapika, kuharisha, kubanwa kifua au kuona ukungu, apelekwe hospitali mara moja: Mount Meru, Mawenzi, KCMC, yoyote iliyo karibu. Nenda na mabaki ya nyama au kopo la dawa kama lipo. Maziwa hayaondoi sumu hii. Yanakula muda wa safari.

Kwa nini tumbusi ndio wanaokufa kwa makundi?

Kwa sababu wanakula pamoja. Mzoga mmoja unaweza kuita tumbusi mia moja na zaidi ndani ya muda mfupi, na wote wanakula kutoka sahani moja. Juni 2019 nchini Botswana, mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537 na tai wawili kwa mkupuo. Majangili huwawekea kwa makusudi, kwani tumbusi wakizunguka angani askari wanajua kuna mnyama ameuawa pale chini.

Huku kaskazini hadithi ya kawaida ni tofauti. Simba au fisi ameingia bomani, amechukua ng'ombe, mwenye boma ana hasira na ana kopo la dawa ya kuogeshea mifugo au ya shambani. Anatia kwenye mzoga. Aliyekusudiwa ni fisi mmoja. Wanaofika kwanza asubuhi ni tumbusi, ambao hawajawahi kuua hata mbuzi wa mtu.

Kisha kuna hesabu ya uzazi. Tumbusi hutaga yai moja, na huchukua takriban miaka mitano au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Kundi likipoteza wazima hamsini, si kama kuku kwamba mwakani banda litajaa. Uchambuzi wa bara zima uliochapishwa 2016 ulikuta aina nane za tumbusi wa Afrika zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 ndani ya miongo mitatu hivi, na katika vifo vilivyorekodiwa, asilimia 61 vilitokana na sumu na asilimia 29 na biashara ya dawa za kienyeji. Tumbusi mgongo-mweupe, ambaye ndiye tunayemwona sana kuelekea Tarangire na Serengeti, tangu 2015 yuko kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Wanaouliza "na sisi tutapungukiwa nini?" watazame India. Huko muuaji hakuwa kiuatilifu bali diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ikaua zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa aina tatu kabla ya kupigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ilibaki kuoza vijijini, mbwa wakaongezeka, na wasiwasi wa kichaa cha mbwa pamoja nao. Kwa hiyo mfugaji, ukimtibu ng'ombe kwa diklofenaki na akafa, mzoga huo usiuache nje.

Sawa, lakini fisi anamaliza mbuzi wangu. Nifanyeje?

Swali la haki kabisa, na anayekuja kijijini kuhubiri habari za tumbusi bila kulijibu ajiandae kusikilizwa kwa adabu na kupuuzwa.

Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote tulivyoona ni boma lenyewe. Ua wa miiba mikavu hulegea na kuachia mianya. Fisi anaijua mianya yote. Huko Simanjiro familia nyingi zimehamia kwenye boma la waya wa seng'enge uliofungwa kwenye miti hai ya jamii ya manemane, iliyopandwa kwa vipandikizi. Miti inaota, waya unashikwa imara, na mwaka hadi mwaka ukuta unazidi kuwa mnene badala ya kuoza. Mlango ndio udhaifu: mabao mazito au mabati, usiwe kichaka cha kuvutwa. Mbuzi aliyepotea malishoni jioni ndiye anayeliwa zaidi, kwa hiyo hesabu kundi kabla jua halijazama, na usimwachie mtoto wa miaka saba kazi ya moran.

Kuna pia kifuta jasho kinachotolewa na Serikali kwa hasara iliyosababishwa na wanyama hatari. Kila mfugaji atakwambia ni kidogo na kinachelewa. Kidai hata hivyo, na picha za siku hiyo hiyo zisaidie; dai lisilo na ushahidi halifiki popote.

Ndege ya kupuliza kwelea kwelea inaua ndege wengine?

Ndiyo, ikitua dozi mahali wanapolala wengine. Dawa inayotumika sana kwa kwelea barani Afrika ni fenthioni, ya kundi la organofosfati, na hupulizwa jioni juu ya viota au malalo wakati kundi limetulia. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Milioni moja ni tani 10 kila siku, kwa hiyo hatuwezi kumwambia mkulima wa mpunga wa Mandaka kwamba asilalamike. Tatizo ni asubuhi yake. Kwelea waliolegea wanaanguka mashambani, kozi, bundi, kongoti na paka wanajaza matumbo, nao wanalegea.

Kwa hiyo mkitangaziwa kupuliza: funikeni visima, mifugo isichungwe pale kwa muda watakaoelekeza wataalamu, na maiti wa kwelea wakusanywe na kuzikwa na watu wenye glovu, si watoto wenye ndoo. Kwa shamba dogo, kuamia ndege bado ni silaha ya kuaminika. Ni kazi ya kuchosha, kuanzia alfajiri hadi jua kali na tena jioni. Kupanda pamoja na majirani ili mpunga ukomae kwa wakati mmoja hupunguza mzigo, kwani shamba linalokomaa peke yake ndilo linalolipa ushuru wa ndege wote wa kata.

Mbegu za mahindi zenye rangi ya waridi au kijani zina shida gani?

Rangi ni onyo: zimetiwa dawa ya ukungu, ya wadudu, au zote mbili. Baadhi zina imidaklopridi, na punje moja tu ya hindi iliyopakwa dawa hiyo inaweza kuua ndege mdogo. Kanga, kwale, tetere na kunguru huokota zile zilizobaki juu ya udongo, hasa mwisho wa mistari pale trekta linapogeuka. Fukia vizuri, okota zilizomwagika, na mbegu iliyobaki usimpe kuku wala kuisaga. Kuosha haisaidii.

Sumu ya panya inamhusu vipi bundi?

Inamhusu sana, na kwa kuwa bundi hana watetezi wengi uswahilini, tutakaa hapa kidogo.

Sumu zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni na brodifakumu, hazimuui panya papo hapo. Anaishi siku kadhaa akizidi kudhoofika, anatembea mchana, hakimbii sawasawa. Kwa bundi au mwewe huyo ni chakula cha bure. Sumu inakaa kwenye ini la ndege kwa muda mrefu na kujilimbikiza panya baada ya panya, hadi siku anapogonga tawi tu na kuvuja damu ndani kwa ndani. Fosfidi ya zinki inafanya kazi tofauti, inageuka gesi tumboni mwa panya na haibaki sana kwenye nyama, lakini ndege wanaokula nafaka wakikuta chambo chenyewe wanakufa.

Weka chambo ndani ya bomba au kasha ambalo ndege haingii, okota panya waliokufa kila asubuhi, na zika. Zile pakiti zisizo na lebo za wamachinga wa stendi usinunue kabisa; hata muuzaji hajui ni nini, na zimeshaua watoto. Bora zaidi, mwache bundi anayelala kwenye dari la ghala. Jozi moja na makinda yao humaliza mamia ya panya kwa mwaka, na hadithi kwamba akilia mtu anakufa ingekuwa kweli, Moshi yote ingekuwa makaburi.

Nikipiga viwavijeshi, korongo wanaokula viwavi watapona?

Inategemea umepiga nini. Korongo weupe wanaotoka Ulaya wanakuwa huku kati ya Novemba na Machi hivi, wakifuata panzi na viwavijeshi pamoja na yangeyange. Mdudu aliyelowa organofosfati kali ni kidonge cha sumu. Argentina, msimu wa 1995 hadi 1996, mwewe wahamiaji wanaokadiriwa kufika 20,000 walikufa baada ya panzi kupigwa monokrotofosi, dawa ya kundi hilo hilo. Ukiwaona korongo wameshatua shambani kwako, subiri siku moja kabla ya kushika bomba. Huenda wakakupunguzia gharama.

Dukani nichague dawa gani?

Mwambie mwenye duka la pembejeo jina la mdudu, siyo "nipe ile kali". Tazama mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni hatari kubwa kabisa, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, kisha kijani. Kataa dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji. Angalia kama ina usajili wa TPHPA na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Piga jioni upepo ukitulia. Kopo tupu lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudi kwenye bomba, kisha litobolewe. Bomba lisioshwe kwenye Themi, Rau wala Kikuletwa. Maji ya Kikuletwa yanaishia Nyumba ya Mungu, ambako kuna wavuvi na ndege wa maji kwa maelfu.

Furadan bado ipo?

Furadan ni jina la kibiashara la kabofurani. Mwaka 2009, baada ya habari za simba na tumbusi kuuawa kwayo, kampuni ya FMC ya Marekani iliacha kuiuza Kenya na kuanza kununua tena mzigo uliobaki madukani. Mwaka 2017 kabofurani iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ambao unaitaka nchi itoe ridhaa kabla ya kuletewa. Mipaka yetu mnaijua. Ukiuziwa chembechembe za rangi bila lebo "za kuua ndege" au "za fisi", toa taarifa Ngaramtoni.

Kutega mnyama kwa sumu ni kosa?

Ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, hata kama mnyama amekula mfugo wako.

Nikitoa taarifa, si nitaonekana mchongezi kijijini?

Inawezekana. Pitia kwa afisa wa wilaya badala ya mkutano wa kijiji, na omba jina lako lisitajwe. Taarifa inayosema "mzoga uko hapa, ndege wamekufa hapa" haimtaji mtu; kumtafuta mhusika si kazi yako. Wengine huwatumia viongozi wa mila, na kwa Wamaasai mara nyingi laigwanan humaliza jambo kwa kasi kuliko barua.

Ndege aliyekufa ana pete mguuni au kifaa mgongoni.

Ni wa utafiti. Piga picha ya namba na uisome kwa sauti kwa afisa kwenye simu. Pete usiitoe, na kile kifaa kiache kilipo. Huenda bado kinatuma mahali kilipo kwa anayekitafuta.